Maua kumi kwa lita: Tahiti ililinda nini hasa?

Tangu tarehe 1 Desemba 2025, Umoja wa Ulaya umeanza kutumia kanuni mpya inayoruhusu bidhaa za kazi za mikono na za viwandani zisajiliwe kwa jina la mahali zinakotoka. Zamani nafasi hiyo ya Umoja mzima ilikuwa ya vyakula, mvinyo na pombe kali. Sasa hata kisu, kitambaa, kigae au kito kinaingia, ilimradi sifa yake ifungamane na sehemu fulani, na ombi moja linalinda jina katika nchi zote 27. Wazalishaji wa nje ya Ulaya nao wanaruhusiwa kuomba, moja kwa moja kwenye Ofisi ya Miliki Bunifu ya Umoja huo iliyoko Alicante, Hispania.

Habari hii ilipofika pwani yetu ilipokewa kama embe lililodondoka lenyewe. Tusajili kikoi, tusajili mkeka, tusajili mafuta ya nazi ya Pemba, halafu tukae tuhesabu yuro. Na kila anayetaka kuthibitisha kwamba jambo hili linawezekana hutoa mfano wa monoi, yale mafuta ya nazi yaliyolowekwa maua ambayo Watahiti, watu wa kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Ufaransa, hujipaka mwilini na kwenye nywele, na ambayo jina lake limelindwa kisheria tangu mwaka 1992. Tazameni, wanasema, nazi na maua tu, vitu ambavyo hata sisi tunavyo nyuma ya nyumba, wenzetu wameviandikia karatasi na leo vinauzwa Paris. Mfano wenyewe ni mzuri, ila unasomwa kuanzia mkiani. Jina la Monoï de Tahiti halikuyapa mafuta yale thamani. Lilikuja kufunga mlango wa nyumba ambayo kazi ya kuijenga ilishachukua zaidi ya miaka 20, na lilipoufunga liliwaacha baadhi ya wenyeji barazani. Anayetaka kuiga karatasi bila kuitazama nyumba atabaki na karatasi.

Kwanza bidhaa yenyewe. Neno monoi katika Kitahiti ni mafuta yaliyotiwa harufu, na harufu inayotajwa zaidi ni ya tiare, ua jeupe la jamii ya gadenia ambalo wataalamu wa mimea huliita Gardenia taitensis. Ndilo nembo ya Tahiti. Mgeni huvishwa shada lake, na wenyeji hulichomeka sikioni, kulia au kushoto kutegemea kama moyo una mwenyewe au bado unatafuta. Mafuta yake yalikuwa na kazi tangu mtu anazaliwa mpaka anazikwa: mtoto mchanga alikandwa nayo, mabaharia walijipaka kujikinga na chumvi na upepo wa baharini, maiti walipakwa. Tahiti haiko peke yake katika hili. Watonga, Wasamoa na watu wa Visiwa vya Marquesas wana mafuta yao ya nazi yenye maua na magome, kila mmoja kwa jina lake. Na harufu si ya tiare tu. Kuna monoi ya msandali, ya vanila, ya mlangilangi, mti ambao Watahiti huuita motoi na ambao ndugu zetu wa Komoro wanaujua kuliko mtu yeyote duniani, kwa kuwa wao ndio wakamuaji wakubwa wa mafuta yake.

Sasa amri ya serikali ya Ufaransa ya mwaka 1992. Watu wengi wanaoitaja hawajawahi kujiuliza inasema nini, na ndiyo maana wanadhani inalinda utamaduni. Haigusi utamaduni, inataja vipimo. Nazi ziwe zimevunwa Polynesia ya Kifaransa, yaani Tahiti na visiwa jirani, kwenye udongo wa matumbawe. Mafuta yawe yamesafishwa. Ua liwe tiare la hukohuko, lichumwe likiwa bado tumba, na lilowekwe ndani ya saa 24 tangu kuchumwa. Maua yasipungue 10 kwa kila lita ya mafuta. Yakae humo siku zisizopungua 10. Asiyetimiza haya anaweza kuuza mafuta mazuri mno, lakini haruhusiwi kuyaita Monoï de Tahiti.

Hakuna mahali panaposema mafuta haya yanakuza nywele au yanaondoa makunyanzi. Hilo ni kosa la kwanza la wasomaji wetu: wanachukulia kwamba serikali iliyathibitisha mafuta kuwa bora. Serikali iliandika tu yametengenezwaje na wapi, basi.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kilichoandikwa ndicho walichokuwa wakifanya mababu. Monoi ya kale haikuwa na kiwanda. Nazi ilikunwa, ikachanganywa na maua, na mara nyingi ikatiwa sehemu laini ya wale kaa wanaobeba makombe ya konokono wa baharini. Ilipoachwa juani siku kadhaa, machicha yalichacha na mafuta yakajitenga yenyewe, mtu akayakamua. Harufu yake haikumpendeza kila mtu. Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyefika Tahiti mwaka 1769 na nahodha James Cook, aliandika akilalamika kwamba mafuta waliyojipaka watu vichwani kwa kawaida yalikuwa yameshavunda. Mzungu wa karne ya 18 kulalamikia harufu ya mtu mwingine baada ya miezi kadhaa melini ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini kikemia hakukosea. Mafuta yasiyosafishwa, yenye maji na mabaki ya nazi ndani yake, huvunda upesi. Amri ya 1992 iliposema "yaliyosafishwa" iliitupa nje njia ya kale, kaa na jua lake, ikachagua njia ya kiwanda inayoweza kuvuka bahari bila kuharibika. Huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara, na nadhani ulikuwa sahihi, ila tusiuite uhifadhi wa mila.

Nyumba ninayoisema ilijengwaje? Ili kuiona inabidi tuondoke Tahiti, twende kwenye Visiwa vya Tuamotu, vile vya mviringo wa matumbawe vinavyofikia 80 hivi, vyembamba kama pete, vingine haviinuki hata mita chache juu ya maji. Pale hakuna mto wala shamba la maana, na udongo ni mchanga na matumbawe. Mnazi ndio unaostahimili. Watu huokota nazi zilizokauka, huzipasua, huianika nyama yake juu ya vichanja vyenye paa la kusukuma ili mvua ikija ifunikwe, na mbata ikikauka hutiwa magunia kusubiri meli. Meli huipeleka Papeete, mji mkuu ulioko Tahiti, kwenye kiwanda cha kukamua. Bei ya mbata haipangwi na soko la dunia. Hupangwa na serikali ya visiwa, na fedha za umma huziba pengo. Mpango huo una mizizi miaka ya 1960, na sababu yake haikuwa vipodozi hata kidogo. Ilikuwa kuwafanya watu wabaki visiwani kwao, wasihamie wote Papeete kutafuta kazi zisizokuwepo. Mafuta mengi yanayotoka kwenye kiwanda kile huuzwa nje yakiwa ghafi, na sehemu tu ndiyo husafishwa kwa ajili ya monoi.

Ukiupanga mtiririko huo ndipo unapoiona hesabu. Mzalishaji wa monoi wa mwaka 1992 alikuwa na mkulima anayelipwa bei inayojulikana, meli inayopita kwa ratiba, kiwanda kinachosafisha mafuta, na mashamba ya tiare karibu na mji ambako tumba linachumwa alfajiri na kufika kwenye pipa kabla ya saa 24 kwisha. Alikuwa pia na watalii, hasa Wafaransa, waliokwisha kurudi kwao na chupa mizigoni wakaizoea harufu. Kilichokosekana ni kinga dhidi ya wale waliokuwa Ulaya wakichanganya mafuta ya nazi ya kutoka popote na manukato ya maabara kisha kuandika monoi kwenye chupa. Karatasi ilikuja kuziba tundu hilo moja. Tena haikuliziba lote, kwa sababu kilicholindwa ni jina zima, Monoï de Tahiti. Neno monoi likiwa peke yake lilishatawanyika, na hadi leo mtu anaweza kulibandika kwenye shampuu ambayo haijawahi kuiona Pasifiki.

Wanaotaka tusajili majina yetu wana hoja moja nzito, na sitaki kuipita kana kwamba haipo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "Kikoy" kama alama yake ya biashara. Fikiria maana yake: mfumaji au muuzaji wa Mombasa akitaka kuuza kikoi London chini ya jina ambalo bibi yake alilitamka, angehitaji ruhusa ya mtu wa London. Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi halikufika mbali. Kilichotuokoa siku ile si sheria yetu. Ni kelele zetu, na kelele hazitoki kila siku. Waswahili walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Jina lisiloandikwa popote linamkaribisha yeyote mwenye kalamu, na kwa hili kanuni mpya ya Ulaya ni mlango wa kweli. Cameroon walipoandikisha pilipili nyeupe ya Penja mwaka 2013 kupitia shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa, na Afrika Kusini walipoandikisha rooibos Ulaya mwaka 2021, waliingia kwenye milango ya namna hiyo hiyo. Lakini angalia ni kina nani walioingia: wakulima wenye chama, wenye eneo lililochorwa kwenye ramani, wenye wanunuzi tayari.

Upande wa pili wapo wanaobeza, nao si wa aina moja. Kuna anayesema mafuta ya nazi ni mafuta ya nazi, iwe Tahiti, iwe Kilifi, iwe Ufilipino, na huo mwingine ni ujanja wa kuwapandishia wanawake bei. Kuna anayesema, kwa hasira zaidi, kwamba Watahiti wameandikisha kitu ambacho ni chetu. Na kuna wa tatu, ambaye huzungumza taratibu na husikilizwa kidogo, anayeuliza nani hasa alinufaika na amri ile kati ya kiwanda na mama wa kijijini.

Wa kwanza ana ukweli nusu. Kikemia mafuta ya nazi ya sehemu mbalimbali yanafanana sana. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, aina mojawapo ya asidi za mafuta, na ndiyo inayoyapa tabia zake. Kila mtu anayenunua monoi kwa ajili ya nywele anapaswa kujua kwamba sehemu kubwa ya faida anayoifuata iko kwenye nazi, ua linachangia kidogo. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini (yale yatokanayo na petroliamu) kwenye nywele, wakakuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi cha maana protini inayopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa. Maelezo yake ni kwamba molekuli yake ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Mafuta ya Pemba yanaweza kazi hiyo sawasawa na ya Tuamotu. Maua 10 ndani ya lita nzima ni harufu, na ni kiasi kidogo cha vitu vingine ambavyo sioni sababu ya kuvitungia miujiza.

Ila hoja ya huyu bwana huanguka pale anapodhani kwamba jina la mahali ni dai la kikemia. Siyo. Ni dai la ukweli wa habari: nikikuambia kimetoka kule na kimetengenezwa hivi, iwe ni kweli. Nilinunua chupa ya "monoi" katika duka moja Arusha, mwezi wa Julai, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mke wangu husoma makala zangu. Nyumbani nikakuta mafuta yameganda, meupe kama samli. Nikarudi. Dada wa dukani akaniomba radhi, akasema shehena ile imeharibika, akanipa chupa nyingine ambayo ilikuwa majimaji, ya dhahabu, inanukia mpaka mlangoni. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na Arusha ya Julai haifiki huko kwa urahisi. Nilipozisoma lebo, ile iliyoganda ilianza na mafuta ya nazi, ikafuata dondoo ya ua la tiare. Ile isiyoganda ilianza na mafuta ya madini, manukato yakafuata, na nazi ilikuwa karibu na mkia. Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, cha kwanza ndicho kingi. Dada yule hakunidanganya, hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amenibadilishia halisi kwa bandia kwa nia njema kabisa. Mahali ambapo mnunuzi na muuzaji wote wawili hawawezi kutofautisha, anayetengeneza kwa uaminifu ndiye anayefilisika kwanza, na hilo halihusiani na asidi ya lauriki.

Kabla sijaondoka kwenye kemia, jambo moja si la mzaha. Monoi ilipata umaarufu Ulaya kama mafuta ya kuotea jua, na sasa kuna video za Kiswahili zinazodai inakinga ngozi dhidi ya jua. Haikingi. Mafuta ya nazi yaliyotiwa ua hayana kinga ya kutegemewa, na mtu mwenye ualbino akiyaamini anajiweka hatarini. Kwa kazi hiyo kuna krimu maalumu za kujikinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu hao hao.

Yule wa pili, mwenye hasira, namjibu kwa ufupi kwa sababu hoja yake ndiyo dhaifu kuliko zote. Anasema nazi na maua ni vyetu. Ni kweli kwamba bibi zetu walitia asumini kwenye mafuta ya nazi, na kwamba harusi ya pwani bila kikuba ni mkutano tu. Lakini wazo la kuloweka ua ndani ya mafuta halina mwenyewe, na amri ya Ufaransa haikujaribu kulimiliki. Ukitaka kulowesha tiare zako Tanga kesho hakuna atakayekukamata. Isitoshe, historia inachekesha pande zote. Utafiti wa vinasaba vya minazi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha makundi mawili makubwa, la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, na kwamba huku Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika kuna minazi yenye damu ya pande zote mbili. Waliochanganya ni mabaharia wa Kiaustronesia, watu wa asili ya visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, wale wale ambao binamu zao walikwenda upande wa pili mpaka Tahiti. Mmalagasi huita nazi voanio, yaani tunda la "nio", na Msamoa huiita niu. Na tiare lenyewe, nembo ya Tahiti, wataalamu wa mimea wanalitaja kuwa mgeni aliyeletwa na mitumbwi kutoka visiwa vya magharibi zaidi. Pale hupandwa kwa vipandikizi. Tukianza kesi ya nani alikuwa na nini kwanza, hata hakimu atakosa pa kukaa.

Wa tatu ndiye anayenisumbua. Amri iliyodai mafuta yaliyosafishwa iliwapa nguvu wenye mitambo. Mama wa kisiwani anayetengeneza monoi yake kwa jua, yenye harufu nzito ambayo majirani wanaitaka hivyohivyo, hawezi kuiita kwa jina la kwao, ingawa kiasili yeye ndiye aliye karibu zaidi na kile kilichokuwepo. Anaweza kuiuza sokoni, naam, ila kwa jina tupu. Watetezi wa amri husema kwamba bila kipimo kimoja hakuna kitu cha kulinda, na wanasema kweli. Jina la mahali ni makubaliano kati ya wazalishaji, na kila makubaliano huchora mstari, na kila mstari una walio nje. Ninachowalaumu wapigadebe wetu ni kuficha sehemu hiyo. Wanazungumza kana kwamba usajili ni mwavuli utakaotufunika sote, wakati ni uzio, na swali la kwanza la uzio ni nguzo zipigwe wapi.

Basi tulete hesabu hiyo nyumbani. Chukua mafuta ya nazi yenye asumini, kutoka Pemba au Mafia au Kwale. Nazi ipo, lakini haifanani na ya Tuamotu. Kule watu ni wachache na nazi ni nyingi, hivyo mbata ndiyo njia ya kuigeuza kuwa pesa. Huku nazi ina wateja tangu ikiwa changa. Muuza madafu anaichukua mapema na kulipa papo hapo. Ikiponea hapo, jikoni kunaisubiri kwa wali, kwa maharage, kwa samaki wa kupaka. Lita moja ya mafuta humeza nazi nyingi, na kila moja ingeuzwa sokoni leo hii. Ongeza ugonjwa unaoua minazi ambao umekuwa ukiitafuna pwani ya Tanzania bara kwa miongo mingi, mpaka mwaka 1979 ukaanzishwa mradi wa taifa wa kuendeleza zao la minazi, na miti mizee ikawa inakatwa mbao. Mafuta yetu ni ghali kwa sababu tunakula nazi. Si aibu, ni utamu wa maisha ya pwani, ila ni gharama ambayo Mtahiti hana, na ile kidogo aliyo nayo hulipiwa na serikali yake.

Hapo ndipo kanuni mpya ya Ulaya ina mtego ambao sijaona ukizungumzwa. Inadai kwamba angalau hatua moja ya uzalishaji ifanyike katika eneo linalotajwa. Hatua moja. Kwa kikoi hilo ni rehema, kwani uzi unaweza kutoka kwingine na ufumaji ukabaki wetu. Kwa mafuta ni kishawishi. Mfanyabiashara ataagiza mapipa ya mafuta yaliyosafishwa kutoka Asia, atayalowekea asumini Unguja, na atakuwa na hoja ya kutaka jina la Zanzibar. Bado atalazimika kuonyesha kwamba sifa au umaarufu wa bidhaa unatokana na mahali, na huenda akaweza, kwa maana Zanzibar ina umaarufu wa harufu hata kwa wasiojua iko wapi. Mkulima wa mnazi wa Micheweni atapata nini? Hatapata kitu. Tahiti wangeweza kuacha tundu hilo, wakakataa. Walidai nazi ya kwao na ua la kwao. Iwapo kuna kitu cha kuiga kwao, ni ukali huo dhidi ya nafsi zao, pamoja na gharama yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo yaende kinyume na mpangilio wa matangazo. Kabla ya Alicante kuna mkutano wa watu wanaokamua mafuta, wanawake kwa sehemu kubwa, wakae wakubaliane mambo ya kuchosha: nazi ya umri gani, mafuta ya moto au ya baridi, maji yatolewe vipi, asumini ichumwe jioni au alfajiri, ikae siku ngapi, na nani atapita kupima bila kuwa shemeji wa anayepimwa. Kuna sheria za kutosha za kuanzia. Zanzibar wana sheria ya miliki za viwanda ya mwaka 2008 inayotambua viashirio vya kijiografia, yaani majina ya mahali ya namna hii. Kisichokuwepo ni makubaliano. Na yatakuwa magumu, maana kila nyumba inaamini ya kwake ndiyo yenyewe.

Najua ugumu huo kwa sababu niliwahi kuujaribu kwa mtu mmoja tu. Marehemu bibi alikuwa akitengeneza mafuta yake uani: tui kwenye sufuria, moto mdogo, anakoroga mpaka mashapo yanageuka rangi ya kahawia na mafuta yanaelea safi, kisha anaepua, anasubiri yapoe kidogo, anatia asumini na kufunika kwa kawa. Nilikuwa nimetoka chuoni na daftari, nikitaka kuandika kila kitu. Nazi ngapi? Akanitajia. Moto wa muda gani? Akaonyesha kivuli cha mwembe pale kinapofika. Nikauliza maua mangapi. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa ana pumzi ngapi.

"Mpaka yanukie, mwanangu."